Njia ya Kuni

Njia ilianzia nyuma ya ua wa jirani yetu pale Huruma, kijiji kidogo kilichojibanza kati ya barabara ya Kiambu na Msitu wa Karura. Ulipenya kwenye mwanya wa ua, ukaruka mtaro, na tayari ulikuwa msituni. Hapakuwa na lango wala tiketi. Nilikuwa na miaka minane, mwaka 1976, nyanya yangu aliponikatia mukwa wangu wa kwanza kutoka kwenye gunia kuukuu. Sote tulimwita cucu, hata majirani. Alinifunga ule mkanda kwenye paji la uso, akaufungia vijiti vitatu mgongoni, akaniuliza kama unauma. Nikasema unauma. Akasema, haya, twende.

Siku za kuni zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Ofisi ya msitu ilitoza ada ndogo kila mwezi, nawe ukapewa risiti, na risiti hiyo cucu aliifunga kwenye pindo la leso pamoja na ugoro wake. Ruhusa ilikuwa ya kuni zilizoanguka zenyewe tu. Askari wa msitu akikukuta na panga, risiti haikusaidii.

Mwanzo wa njia haukuwa na raha. Kwa muda wa robo saa tulipita chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa mistari tangu enzi za ukoloni, wakati treni zilipokuwa zikila kuni. Treni ziliacha kula kuni, mikaratusi ikabaki. Chini yake hapakuota kitu. Majani makavu yalilia chini ya nyayo zetu na ndege hawakusikika. Cucu hakusema neno mahali pale. Alitembea upesi, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Halafu ardhi iliinama kuelekea mtoni, na hapo palikuwa na mpaka ambao hakuna aliyeuchora. Ulianza kuusikia kwenye ngozi. Ubaridi ulikupanda miguuni, udongo mwekundu ukageuka mweusi na kulainika, na harufu ya majani yanayooza ikakujaa puani, harufu nzito kama ya chungu cha githeri kilicholala na kifuniko. Cucu alisimama, akashusha pumzi, na kila mara alisema maneno yale yale: "Sasa tumefika msituni. Kule nyuma ni shamba la miti tu."

Kuanzia hapo alinifundisha majina. Hakufundisha kwa kukaa kitako. Alitaja jina huku akitembea, na siku nyingine akiuliza usipojibu hakukutukana, alikaa kimya mpaka ukaona aibu. Mukinduri niliujua kwanza, kwa sababu njugu zake ngumu zilitapakaa njiani na kunichoma nyayo. Muringa ulikuwa wa mizinga ya nyuki. Muthiga tuliubandua ganda na kulitafuna. Ni kali kama pilipili, na ndiyo dawa ya kikohozi na ya jino. Lakini ulibandua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, upande mmoja, basi. Kisu kisizunguke shina, alisema, maana mti uliovuliwa ganda pande zote hufa umesimama. Mugumo tuliuzunguka kwa mbali. Kuni za mugumo haziokotwi hata zikiwa zimeanguka katikati ya njia na mvua inakuja na nyumbani hakuna ukuni hata mmoja. Tuliziruka.

Aliopenda kuliko yote ni muhugu. Sijui nieleze vipi uzuri wa mti huo kwa mtu ambaye hajausimamia chini. Si mnene. Unakua polepole mno, kiasi kwamba mche aliouonyesha cucu siku ya kwanza ulikuwa kimo cha goti langu, na nilipoolewa ulikuwa haujanipita bega. Majani yake kwa upande wa chini ni meupe, hivyo upepo ukipita mti mzima hugeuka rangi, kisha hurudi. Mbao zake ni ngumu na zina harufu tamu, na ndiyo sababu wachonga vinyago waliuandama kila ulipoota. Cucu alipoupita aliweka kiganja kwenye shina. Hakusema sala. Aliweka kiganja tu, akaendelea.

Nilijua wanyama pia. Kima walitufuata juu kwa juu wakitutupia maganda. Paa wadogo walikuwa wakitoweka kabla hujamaliza kusema "paa yule". Hondohondo aliruka kwa kelele ya mabawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Na kulukulu, ambaye akitulia tawini ni kijani na buluu na humwoni kabisa, halafu anaruka na mabawa yanafunguka mekundu, mekundu kweli, mpaka unasahau mzigo. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala kwenye bonde, ndiyo ilikuwa rangi pekee iliyokuwapo duniani.

Karibu na maporomoko njia iligawanyika. Mkono wa chini ulielekea mapangoni, na cucu hakuupita. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika mapango hayo wakati wa Hali ya Hatari, na yeye mwaka 1953 alikuwa mwanamke kijana mwenye watoto wawili. Niliwahi kumwuliza kama aliwajua watu hao. Alisimama, akakaza mukwa upya, akanijibu kwamba chakula hakina miguu. Hakuongeza neno. Nilikuwa mtu mzima, naye amekwisha kuzikwa, nilipoelewa alichoniambia.

Juu kidogo ya hapo kulikuwa na mwamba mpana, wenye kishimo katikati kilichohifadhi maji ya mvua. Hapo ndipo tulipopumzika. Mizigo tuliiegemeza kwenye mwamba bila kuivua, kwa sababu mzigo wa kuni ukiuvua, kuuinua tena kunataka mtu wa pili. Tulikunywa kwenye kile kishimo kwa kiganja. Ukiifuata njia mbele zaidi ulitokea upande wa Muthaiga, kwenye nyumba kubwa, ambako baba yangu alikuwa mtunza bustani. Yeye aliipita kila alfajiri na kila jioni kwa miaka kumi na minne, ili nauli ya basi iwe unga wetu.

Cucu alifariki mwaka 1984. Njia ilimfuata, ingawa si kwa siku moja.

Kwanza baba aliporwa. Vijana watatu walimvua viatu na kumnyang'anya mshahara wa mwezi mzima, wakamwacha arudi nyumbani kwa soksi. Akaanza kupanda matatu. Kisha tukaanza kusikia habari za maiti zilizookotwa mle ndani, na kufikia mwanzo wa miaka ya tisini jina Karura lilitajwa mjini kwa sauti ya chini. Kina mama wa kuni walikwenda kumikumi, wakiimba kwa nguvu ili wezi wajue wao ni wengi, kisha wakapungua wakawa watano, kisha kila nyumba ikaanza kununua makaa. Njia isiyokanyagwa haingoji. Mvua moja ya masika ilitosha kwa thabai inayowasha na vichaka vya miiba kuifunga pale bondeni, na mwanya wa ua wa jirani uliwekwa mabati.

Nimelifikiria sana jambo hili na nitalisema, hata kama majirani zangu wa zamani hawatalipenda. Sisi tuliuacha msitu kabla wao hawajautwaa. Walioukata vipande kwenye ramani huko maofisini, wakagawiana wao kwa wao na kuuziana, waliukuta hauna mtu. Kama kina mama kumi wangekuwa wanapita pale kila Jumanne na Ijumaa, kigingi cha kwanza cha mpimaji kingeonekana siku kilipochomekwa. Kilichomekwa, kikakaa, na sisi tulikijua tuliposikia tingatinga.

Hiyo ilikuwa mwaka 1998. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuja nyumbani jioni moja na habari njema: kuna mjengo unaanza msituni, wanataka vibarua, malipo ni kila Jumamosi. Alikuwa amekaa bila kazi kwa miaka miwili. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani na watoto wangu wawili baada ya ndoa kunishinda, na siku ya tatu nilichukua birika, ndoo ya maandazi na jiko, nikamfuata mdogo wangu kazini. Vibarua wanakunywa chai popote walipo.

Walikuwa wamefungua barabara ya malori kupitia kwenye msitu wa asili, ule wa cucu, mikaratusi hawakuigusa. Nadhani pale bondeni palikuwa na mandhari mazuri ya kujengea nyumba za watu wenye nafasi. Miti ilikuwa imelala na mizizi yake hewani, udongo mweusi ukiwa umegeuzwa juu na kukaushwa na jua, na hewa yote ilinuka utamu. Nilisimama nikishangaa ni maua gani yanachanua mwezi huo. Ilikuwa mihugu. Walikuwa wamekata mihugu mingi sana, na harufu yake ilikaa pale kwa wiki nzima, ikaingia kwenye maandazi, ikaingia kwenye nguo zangu. Usiku nilipolala niliisikia kwenye nywele.

Gogo la mojawapo lilikuwa limesukumwa kando, karibu na lango walilokuwa wameliweka. Lilikuwa na kimo cha kutosha kuketi. Nikaweka jiko langu hapo, na wateja wangu wakaketi juu ya muhugu ule wakanywa chai. Niliuza vizuri. Kwa miezi ile watoto wangu walikula nyama Jumapili, na ada ya shule ililipwa bila kuitwa ofisini. Ninayaandika haya kwa sababu nikiyaacha nitakuwa nimesema uongo. Nilijua jina la gogo lile, nilijua umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa cucu, na nilipanga vikombe juu yake.

Mwezi wa Oktoba, Profesa Wangari Maathai na watu wake wa vuguvugu la Green Belt, pamoja na wabunge wa upinzani, walikuja kupanda miti mahali palipokatwa. Siku hiyo mitambo ya ujenzi ilichomwa moto. Mimi sikuwapo, nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki, lakini moshi niliuona kutoka Huruma. Mdogo wangu alirudi na masizi usoni, ana hasira. Alisema mwanamke yule anataka tufe njaa. Mama alikuwa anachambua maharage. Alisema tu kwamba miti ile nayo ilikuwa na mama zake, akaendelea kuchambua.

Baada ya hapo ulinzi uliongezwa. Waliletwa vijana wengi, wengine wa mitaa ya jirani, wengine sikujua walikotoka, wakapewa marungu, mapanga na mijeledi, na kazi yao ilikuwa kukaa. Walikuwa wateja wazuri. Mmoja nilimzoea. Hakuzidi miaka ishirini na miwili, mpole, aliniita mama ingawa nilikuwa na miaka thelathini tu, na alikuwa akinunua maandazi mawili kwa mkopo na kulipa Jumamosi bila kukumbushwa. Aliniambia anaweka akiba arudi kwao akafuge kuku.

Ijumaa tarehe 8 Januari 1999 niliwasha jiko kama kawaida. Jua lilikuwa kali, maana Januari kwetu ni kiangazi. Vijana walikuwa wengi kuliko siku nyingine zote na hawakukaa, walisimama. Nilihisi kitu lakini nilikuwa na ndoo nzima ya maandazi.

Magari yalikuja na watu wakashuka: wanawake wa Green Belt wakiwa na miche kwenye makopo na mifuko, wabunge, waandishi wa habari wenye kamera, na wageni Wazungu wachache. Profesa nilimtambua kwa kilemba chake kikubwa. Alikuwa amebeba chombo cha kumwagilia maji. Nilikuwa nimemwona kwenye magazeti, lakini magazeti hayakuonyesha jinsi alivyotembea. Alitembea kama cucu. Sina njia nyingine ya kulieleza hilo. Alikuja moja kwa moja, miguu ikijua inakokwenda, kama mtu aliye kwenye njia yake mwenyewe.

Wakakataliwa kuingia. Kukawa na maneno. Yeye hakupaza sauti. Alionyesha ardhi pale nje ya lango, akataka kupanda hapo hapo. Mwanamke mmoja alikuwa tayari ameinua jembe. Sikusikia amri ikitolewa. Niliona tu vijana wanatoka, wote kwa pamoja, mawe yakaruka, mijeledi ikapiga, na watu wakaanza kukimbia kuelekea kwenye magari huku wengine wakianguka. Nilijilaza nyuma ya gogo. Birika lilipinduka na chai ya moto ikanichoma mkono wa kushoto. Alama ninayo hadi leo. Kutoka chini pale, kati ya miguu ya watu, nilimwona Profesa ameshika kichwa na damu ikipita kati ya vidole vyake ikishuka usoni. Wenzake walimzunguka, wakamwondoa. Sikumwona askari polisi hata mmoja.

Ilikwisha upesi kuliko ninavyoisimulia. Magari yaliondoka. Ukimya ukawa mkubwa, kisha kima wakaanza kupiga kelele mitini, kama waliochelewa kushtuka.

Yule kijana wangu wa kuku alikuja kwenye gogo. Mkononi alikuwa bado ameshika rungu na hakujua aliweke wapi. Alikuwa anatetemeka mikono yote miwili. Akasema, "Mama, nipe chai." Kwenye birika kulikuwa kumebaki kidogo.

Nikammiminia.

Nimeulizwa na wanangu, walipokuwa wakubwa, kwa nini. Sikuwa na jibu zuri wakati huo na sina sasa. Alikuwa mtoto wa mtu na alikuwa na kiu, na mimi nilikuwa muuza chai. Alikunywa, akanipa sarafu, na kwa mara ya kwanza hakuomba mkopo. Sikumwona tena tangu siku hiyo.

Nilipokuwa nikikusanya vikombe niliona vitu vilivyodondoka njiani. Miche imekanyagwa, kiatu kimoja cha kike, kopo lililopondeka. Na jembe. Lilikuwa jembe zuri, jipya, mpini wake bado mweupe. Nilitazama huku na huku, nikalifunga kwenye gunia la makaa, nikaenda nalo nyumbani. Sikulichukua ili nilirudishe. Jembe letu lilikuwa limevunjika tangu Novemba na msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia. Nilimwambia mama nimelinunua kwa kibarua aliyehitaji nauli.

Yaliyofuata dunia yote inayajua. Profesa alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga na kutia sahihi ripoti yake kwa damu iliyokuwa inatoka kichwani. Picha zilifika kila mahali. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alilaani shambulio lile, na makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja huo yako Gigiri, ng'ambo tu ya msitu. Mwisho wa Januari wanafunzi wa vyuo vikuu wakatoka barabarani, wakapambana na polisi, vyuo vikafungwa. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo tulisikia redioni Rais akipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kazi ya mjengo ilikuwa imekwisha kusimama. Mabati ya lango yaliondoka usiku, moja moja, na ninayajua mapaa kadhaa ya Huruma yaliyofaidika.

Mdogo wangu alirudi kukaa nyumbani. Kwa muda mrefu jina la Profesa halikuweza kutajwa mbele yake, na sikumlaumu. Watu huandika kana kwamba upande mmoja walisimama mafisadi na upande wa pili wananchi. Pale palikuwa na mdogo wangu pia, aliyetaka shilingi zake za Jumamosi, na mimi na birika langu.

Jembe lilifanya kazi. Mama alilimia maharage, mahindi na viazi kwenye kile kishamba chetu kando ya mto kwa miaka. Oktoba 2004 tulikuwa shambani na redio ndogo tuliyoitundika kwenye mti, ikatangazwa kwamba Wangari Maathai amepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Mama aliinua kichwa. Aliegemea mpini, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama.

"Si huyu ndiye mwenye jembe?" akauliza.

Nilikuwa nimeishi na uongo ule kwa miaka mitano na ushei, nikidhani ni siri yangu. Mama akatema mate pembeni, akaendelea kupalilia.

Profesa alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Siku ya mazishi ya kitaifa nilikwenda Uhuru Park nikasimama mbali, kwenye umati. Alikuwa ameomba asikatiwe mti. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mwanzi, mafunjo na magugumaji. Nililitazama likipita na nikamfikiria cucu na mugumo wake, na zile kuni tulizoziruka katikati ya njia.

Msitu ulifunguliwa kwa umma mwaka huohuo. Kabla ya hapo ulizungushiwa ua wa umeme, na jumuiya za wakazi wa kandokando zilishirikishwa na idara ya misitu katika kuulinda. Wengi waliokuwa wakihofiwa, au ndugu zao, walivaa sare wakawa walinzi. Mdogo wangu alichimba mashimo ya nguzo za ua ule. Alilipwa Jumamosi.

Mimi ilinichukua miaka kadhaa kuingia. Nilipoingia nilivaa viatu vizuri, nikalipa kiingilio, nikapewa njia iliyofagiliwa yenye vibao vya nambari kwenye kila njia panda. Siku hizi kuna zaidi ya kilomita hamsini za njia ndani ya Karura, na mwisho wa wiki utakuta familia, wakimbiaji, waendesha baiskeli, wasichana wawili wawili wakipiga soga bila kutazama nyuma. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilie. Msichana anatembea Karura peke yake na simu mkononi, na haimbi ili wezi wamsikie.

Nilitafuta njia yetu. Haipo, kwa maana ya kwamba huwezi kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Inakatwa na njia mpya, inapotea, inatokea tena kwa hatua ishirini. Lakini miguu ilikumbuka mteremko. Ule mpaka wa cucu bado upo, ingawa umesogea. Mikaratusi inaondolewa kidogo kidogo na miti ya asili kupandwa mahali pake, kwa hiyo ubaridi sasa unakupokea mapema. Juu yangu palikuwa na mbega, weusi kwa weupe, mikia kama mashuke. Wakati wa cucu sikuwahi kumwona mbega hapo. Walianza kuletwa mwaka 2014 kutoka Kipipiri, na mlinzi aliyenieleza hayo alishangaa nilipomwambia kwamba nao ni wageni kama mimi.

Gogo sikulikuta. Mchwa walikuwa wamekwisha kulimaliza, au mtu alilipasua. Mwamba niliupata siku ya tatu ya kutafuta, nje kidogo ya njia iliyofagiliwa, umefunikwa na majani. Niliyaondoa kwa mkono. Kishimo kilikuwa na maji. Nilikunywa kwa kiganja, na kama mlinzi angeniona angenikanya, kwa haki kabisa.

Sasa ninafanya kazi kwenye kitalu cha miche pamoja na kina mama wengine wa Huruma. Tunaotesha mukinduri, muringa, muthiga, na muhugu, ambao unatutesa kwa sababu mbegu nyingi hazina kitu ndani na zinazoota zinajivuta. Vijana wanaokuja kujitolea huniuliza mche huu utakuwa mti lini. Ninawaonyesha goti langu, kisha bega, na kuwaambia miaka iliyopita kati ya hapo na hapo.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilipopanga vitu vyake nililikuta jembe nyuma ya mlango. Mpini umebadilishwa mara tatu, bati lake limelika mpaka limebaki upana wa kiganja, na halifai tena kulimia shamba. Kwa kuchimba vishimo vya miche ni zuri kuliko majembe yote mapya tunayopewa, kwa sababu ni jepesi na linaingia kati ya mizizi bila kuikata. Ninakwenda nalo kila asubuhi. Wenzangu hulipigania nikiliweka chini kidogo tu, na hadi leo hakuna aliyeuliza nilikolipata.